Kilo Haiivishi Maharage: Majibu kwa Hesabu za Gunia na Mtungi

Tangu Tanzania izindue Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi, upande unaoupinga haujalala. Hoja zake mmezisikia redioni, kwenye daladala, na kwenye vikao vya wazazi pale shule inapotakiwa kuachana na kuni. Nami nimezisikiliza kwa makini, maana baadhi zimebeba tarakimu, na tarakimu humtisha mtu asiyekuwa na kalamu mkononi. Sina ugomvi na anayependa mkaa. Ugomvi wangu ni na hesabu. Karibu kila hoja kati ya hizi inachukua kilo, lita, gunia au uniti na kuigeuza kuwa joto au shilingi, kisha inanyamaza pale pale ilipotakiwa kusema: joto hilo umelipimia wapi? Msituni, sokoni, kwenye moto, au ndani ya sufuria? Ninyi wasomaji ndio waamuzi. Nitaieleza kila hoja kama wenyewe wanavyoieleza, kisha tuipime.

Hoja mama ni hii: kilo ni kilo. Mkaa ukiuzwa Sh1,000 kwa kilo, na mtungi wa gesi wa kilo 15 ukiuzwa Sh57,000, basi kilo ya gesi ni Sh3,800, karibu mara nne ya mkaa. Hesabu ya kugawanya ni sahihi, na bei hizo nimezichukua kwa ajili ya mfano tu. Weka za mtaani kwako. Kosa liko kwenye kinachogawanywa. Kilo hupima uzito, na hakuna mama aliyewahi kuivisha maharage kwa uzito wa mkaa. Anayaivisha kwa joto. Kilo moja ya mkaa mzuri mkavu ina joto la takriban megajuli 29; kilo moja ya gesi ya mtungi ina takriban 46. Gawanya upya: mkaa unakuwa Sh34 na ushee kwa megajuli, gesi Sh83. Pengo limeshuka kutoka karibu mara nne hadi mara mbili na nusu, na bado hatujawasha jiko. Anayesema kilo ni kilo angekubali kulipia kilo ya mihogo bei ya kilo ya nyama? Hakubali, kwa sababu anajua kinachonunuliwa si uzito. Kwenye nishati anajisahaulisha.

Wakibanwa hapo, wanakimbilia hoja nyingine: hizo megajuli ni za maabara, na wenye maabara hawaelewani. Leo mtaalamu mmoja anasema gesi ya mtungi ni 46, kesho mwingine anasema karibu 50. Kama kipimo kinabadilika, ni kipimo gani hicho? Swali ni zuri na lina jibu la moja kwa moja. Joto la fueli hupimwa kwa kuchoma kiasi kidogo chake ndani ya chombo cha chuma kilichojazwa oksijeni na kuzamishwa majini, kisha kusoma maji yamepanda nyuzi ngapi. Gramu moja ya mkaa ikiungua ndani ya chombo kilichozungukwa na lita 2 za maji, maji hayo hupanda karibu nyuzi tatu na nusu, ukiacha joto linalomezwa na chombo chenyewe. Hakuna uganga hapo. Tofauti ya 46 na 50 inatokana na maji, si na mabishano. Gesi ina hidrojeni nyingi. Hidrojeni ikiungua huzaa maji, na maji hayo hutoka kwenye moto yakiwa mvuke uliobeba sehemu ya joto. Ukiuhesabu mvuke huo kana kwamba umepoa na kurudisha joto lake, unapata thamani ya juu. Ukiuacha uende zake, unapata thamani ya chini. Kwenye gesi ya mtungi tofauti ni takriban asilimia 8, kwenye gesi asilia takriban asilimia 11. Kwenye mkaa ni ndogo mno, kwa sababu hidrojeni yake ilishaondoka tanurini. Jikoni kwetu mvuke wa moto unapotelea darini, haurudi sufuriani, kwa hiyo thamani ya chini ndiyo inayotuhusu, na ndiyo ninayoitumia humu mwote.

Lakini hapa lazima niwape haki yao. Upo ujanja halisi unaofanywa kwa tarakimu hizi, na unafanywa na pande zote: kuchukua thamani ya juu kwa bidhaa yako na thamani ya chini kwa bidhaa ya mwenzako. Mwuza gesi akikuandikia 50 kwa gesi na 29 kwa mkaa, amejiongezea asilimia 8 ambayo jiko lako halitaiona kamwe. Hiyo ni sababu ya kumuuliza mtu ametumia thamani ipi. Si sababu ya kuitupa hesabu yote.

Sasa hoja ya tatu, na hapa ndipo pananoga. Watu wale wale walioniambia megajuli ni upuuzi wa maabara wanazikumbatia mara moja wanapofika kwenye umeme. Wanasema: uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6 tu, kwa bei ya Sh356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, megajuli moja ya umeme ni Sh99, wakati ya gesi ni Sh83 na ya mkaa Sh34. Umeme, kwa hiyo, ni anasa. Nimeikagua hesabu hii na haina kosa la kugawanya hata moja. Ila angalieni kilichotokea: kipimo kilichokataliwa pale kilipoufedhehesha mkaa kimekubaliwa pale kinapoufedhehesha umeme. Chagueni moja, ndugu zangu. Ama megajuli ni kipimo, ama si kipimo.

Mimi nasema ni kipimo, ila hawakukifikisha mwisho wa safari. Sh99 ni bei ya joto linaloingia kwenye jiko. Linalofika kwenye sufuria ni jingine. Jiko la kawaida la bati la mkaa hupeleka kwenye chakula takriban asilimia 20 ya joto lake. Lililobaki linapasha ukuta, miguu ya mpishi na hewa ya uani, bila kusahau mkaa unaoendelea kuwaka bure baada ya ugali kuepuliwa. Jiko la gesi hupeleka takriban asilimia 55. Jiko la umeme la sahani hupeleka takriban asilimia 70. Sasa gawanya tena. Megajuli moja iliyofika sufuriani ni Sh172 kwa mkaa, Sh150 kwa gesi, na Sh141 kwa umeme. Aliyekuwa wa kwanza kwa unafuu amekuwa wa mwisho, na mwenye anasa amekuwa wa kwanza. Hakuna bei iliyoguswa, na hakuna aliyepewa ruzuku. Tumehamisha tu mahali pa kupimia, kutoka mlangoni mwa jiko hadi ndani ya sufuria, ambako ndiko chakula kilipo.

Mpinzani makini, na wapo, atasema nimechagua jiko bovu la mkaa ili nishinde. Sawa. Chukua jiko banifu lenye udongo ndani, lile ambalo likiwa zima na likitumiwa vizuri linaweza kufika asilimia 30. Megajuli ya mkaa iliyofika sufuriani inashuka hadi Sh115, na mkaa unaushinda umeme wa Sh356. Hilo nalikubali bila kinyongo, kwa sababu ndivyo hesabu inavyosema. Lakini akilikubali yeye pia, amekubali kwamba ufanisi wa jiko ndio unaoamua, na hoja yake ya kilo ni kilo, pamoja na ile ya umeme ni anasa, zote zimekufa mikononi mwake. Aongeze na hili: kaya ndogo iliyo kwenye daraja la matumizi ya chini hulipa takriban Sh122 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Kwa bei hiyo megajuli moja ndani ya sufuria ni Sh48, na hakuna jiko la mkaa litakaloifikia. Tahadhari ipo: ukivuka uniti 75, bei ya uniti za ziada inaruka na kuupita hata ule umeme wa Sh356. Hiyo ni kasoro ya muundo wa bei, na inastahili kupigiwa kelele. Haimaanishi kwamba umeme ni ghali kwa asili yake.

Kuna hoja ya gunia, nayo ina mvuto wa macho. Gunia moja la mkaa, wanasema, lina nishati mara mbili ya mtungi wa kilo 15. Liweke gunia kwenye kilo 50: kilo 50 mara 29 ni megajuli 1,450, kilo 15 mara 46 ni 690. Kweli kabisa, zaidi ya mara mbili. Ila pitisha kila upande kwenye jiko lake. Gunia kwenye jiko la bati linatoa megajuli 290 zilizofika kwenye chakula. Mtungi unatoa karibu 380. Gunia lenye joto maradufu limepika kidogo kuliko mtungi. Kwenye jiko banifu gunia linafika 435 na kuupita mtungi, lakini kwa kiasi kidogo tu, si mara mbili.

Na hayo yote nimeyajenga juu ya neno ambalo sikupaswa kuliamini tangu mwanzo, yaani kilo 50. Gunia si kipimo. Kuna gunia lililoshonwa mdomo likiwa sawasawa, na kuna lumbesa lenye kichwa cha majani na kamba juu yake, na yote mawili huitwa gunia. Ukilimimina, chini kabisa utakuta chenga na vumbi ambavyo kwenye jiko huziba hewa na kupita kwenye matundu bila kuungua vizuri. Mkaa pia hunywa maji. Gunia lililonyeshewa njiani likabeba kilo 5 za maji ndani ya kilo zake 50 limepoteza megajuli 145 za mkaa ambao haumo, na zaidi ya hapo maji hayo yatadai joto la kuyageuza mvuke, kama megajuli 12 nyingine. Umenunua maji kwa bei ya mkaa. Mtungi una kasoro zake, na kila mtu amewahi kusikia malalamiko ya mtungi uliokwisha kabla ya siku zake. Lakini mtungi una uzito mtupu ulioandikwa kwenye bega lake, na ukiuweka kwenye mizani unajua papo hapo kama umeibiwa. Gunia la mkaa halina bega la kuandikwa kitu.

Kopo ni hatari zaidi kuliko gunia. Simama jioni kwa muuza mkaa wa mtaani umtazame anavyojaza. Vipande virefu vinasimamishwa wima pembeni, vingine vinapangwa mlalo juu ya mdomo hadi kilima kinatokea, na katikati ya kopo kunabaki pango. Kitako cha kopo mara nyingi kimebonyezwa kwa ndani. Mteja anaona kilima na kuridhika. Kwa kipimo hicho hicho ndipo watu wanapiga hesabu ya unafuu na kuileta mbele ya waamuzi kama ushahidi.

Kuhusu kuni sitakaa sana, kwa sababu kosa ni moja na ni jepesi. Wanasema kuni ni bure na zina megajuli 20 kwa kilo, kwa hiyo si mbali na mkaa. Hiyo 20 ni ya mti uliokaushwa kwenye oveni hadi tone la mwisho, tena kwa thamani ya juu. Kuni zilizoanikwa vizuri, zenye unyevu wa asilimia 20, zina karibu megajuli 14. Mti uliokatwa leo, ambao nusu ya uzito wake ni maji, una karibu 8. Mtu anayeleta 20 kwenye mjadala wa jiko la mafiga hajaziona kuni za masika. Na neno bure linamhusu asiyezibeba kichwani.

Kwenye tanuri, hata hivyo, itabidi tukae, maana hapa ndipo hoja ya mkaa inapojipalia makaa yenyewe. Wanasema mkaa ni bora kuliko kuni kwa sababu kilo yake ina joto maradufu, hivyo anayetumia mkaa anaokoa miti. Nusu ya kwanza ni kweli: 29 ni maradufu ya 14. Lakini ile 29 imetoka wapi? Tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo hutoa kilo moja ya mkaa kutoka kilo 5 hadi 10 za kuni. Chukua 7. Kilo 7 mara megajuli 14.3 ni megajuli 100 zilizoingia tanurini. Zimetoka 29. Megajuli 71 zimekwenda angani zikiwa moshi, mvuke na joto la kuupasha udongo porini, na hazijachemsha hata kikombe cha chai. Zile 29 zikifika kwenye jiko la bati, zinazoingia sufuriani ni karibu 6. Yaani katika kila megajuli 100 za mti, mpishi anapata 6. Kwenye jiko banifu anapata karibu 9. Mafiga matatu yanayodharauliwa na kila mtu hupeleka takriban asilimia 15 ya joto la kuni kwenye chakula, maana yake mti ule ule ungempa 15. Sisemi turudi kwenye mafiga. Moshi wake ni balaa kwa mapafu na macho. Nasema tu kwamba anayeutetea mkaa kwa jina la miti ameshika tarakimu ya sokoni na kuificha ya msituni.

Hesabu hiyo ya tanuri muishike, kwa sababu hoja inayofuata ina nguvu kuliko zote na wenyewe wanaiona kama ngao yao. Wanasema: umeme wenu unapotea njiani. Mnachoma gesi asilia Dar es Salaam kutengeneza umeme, nusu ya joto inapotea kwenye mitambo, nyingine inapotea kwenye nyaya, halafu mnatuambia eti jiko la umeme lina ufanisi wa asilimia 70. Hili ni kweli, na napenda mtu anayefuatilia joto hadi chanzo chake. Tufuate pamoja. Megajuli 100 za gesi zikiingia kwenye kituo kama Kinyerezi II, ambacho hutumia joto la gesi na kisha joto la mabaki yake kuzungusha mtambo wa pili wa mvuke, karibu nusu hutoka kama umeme. Toa upotevu wa njia za umeme, tuseme asilimia 15, unabaki na 42. Kwenye jiko la sahani zinazofika sufuriani ni 30. Kama kituo ni cha zamani, chenye ufanisi wa asilimia 40, zinafika 24.

Kwa hiyo umeme wa gesi, baada ya kuhesabiwa upotevu wake wote bila huruma, unafikisha 24 hadi 30 kati ya 100. Mkaa, baada ya kuhesabiwa upotevu wake wote, unafikisha 6 hadi 9. Lakini nani amewahi kuwasikia wakiutaja upotevu wa tanuri? Umeme unafuatwa hadi Kinyerezi. Mkaa unaanza kuhesabiwa ukiwa tayari umekaa kando ya barabara ya Morogoro ukisubiri mteja. Mkuki kwa nguruwe. Tena wanazungumza kana kwamba umeme wote unatokana na gesi, wakati bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na maji hayaungui.

Niugeukie kidogo mjadala wa magari, kwa kuwa makosa yale yale yamehamia huko. Wanaoipinga gesi ya magari wanasema kilo ya gesi ni sawa na lita ya petroli, kwa hiyo faida ni ndogo. Wanaoipigia debe wanasema mtungi wa lita 60 ni kama tangi la lita 60. Wote wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Kilo moja ya gesi asilia iliyogandamizwa ina karibu megajuli 49. Lita ya petroli ina karibu 32. Kilo moja, basi, ni lita moja na nusu. Lakini mtungi wa lita 60 ukijazwa hadi mgandamizo wa baa 200 hubeba karibu kilo 10 tu, ambazo ni sawa na lita 15 za petroli. Dereva wa bajaji anayepanga foleni mara kwa mara kwenye kituo cha gesi analijua hili kwa miguu yake.

Ipo pia hesabu ya kizalendo inayosema futi za ujazo trilioni 57.54 za gesi iliyogunduliwa Tanzania ni sawa na mapipa bilioni 10 ya mafuta, hivyo sisi ni matajiri wa mafuta tusiojijua. Kugeuza kuko sawa: futi moja ya ujazo ina joto la takriban BTU 1,000, pipa la mafuta linahesabiwa BTU milioni 5.8, gawanya upate karibu mapipa bilioni 9.9. Ila tarakimu ya 57.54 ni ya gesi iliyoko chini ya ardhi, si ya gesi itakayotoka. Sehemu kubwa yake iko kwenye kina kirefu cha bahari, na ikitakiwa kusafirishwa kwa meli itabidi ipoozwe hadi iwe kimiminika, kazi ambayo peke yake hula takriban sehemu moja ya kumi ya gesi yenyewe. Na joto la pipa moja haliuzwi kwa bei ya pipa moja. Soko la dunia kwa kawaida halilipi gesi na mafuta bei sawa kwa megajuli sawa, kwa sababu mafuta unayamimina kwenye pipa na kuondoka nayo, gesi unaijengea bomba.

Kwa kuwa nimewakaba wapinzani, haki inanitaka niwakabe na wa upande wangu, wale wanaojibu kila kitu kwa kusema: hesabu za kimataifa zimeshatatua suala hili, soma mizania ya nishati, tarakimu hazina siasa. Tazameni Kenya. Katika mizania za kimataifa, uniti moja iliyotoka kwenye bwawa la Gitaru kwenye mto Tana huandikwa kama megajuli 3.6 za nishati ya awali. Uniti moja iliyotoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria huandikwa kama megajuli 36, kwa sababu kanuni inayotumika pasipo vipimo maalumu inachukulia kwamba umeme wa jotoardhi hupatikana kwa ufanisi wa asilimia 10. Uniti hizo mbili zikiingia kwenye nyaya hazitofautiki. Taa ya Nairobi haijui imewashwa na ipi. Lakini katika jedwali, moja ni kubwa mara kumi ya nyingine. Anayechukua jedwali hilo na kutangaza kwamba jotoardhi linaipa Kenya nishati mara nyingi kuliko mabwawa hajasema uongo wa tarakimu. Amesoma safu inayopima joto lililochomoka ardhini kana kwamba inapima umeme uliofika nyumbani. Ni kosa lile lile la muuza mkaa, ila hili limevaa tai.

Inabaki hoja moja, ambayo naiheshimu kuliko zilizotangulia: mpishi hapiki kwa megajuli, anapika kwa pesa iliyoko mkononi. Mwenye Sh1,000 leo hawezi kununua mtungi wa Sh57,000. Anaweza kununua kopo. Ni kweli tupu. Lakini ni hoja ya mfuko, si hoja ya nishati, na haithibitishi kwamba mkaa ni rahisi. Inathibitisha kwamba anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kwa kila megajuli. Kopo la Sh1,000 likiwa na gramu 800 za mkaa, kilo yake imeshafika Sh1,250.

Zaidi ya hayo, hoja hii inasahau kwamba umeme nao huuzwa kwa Sh1,000. Umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, wa Sh1,000, kwa Sh356 kwa uniti, ni uniti 2.8, yaani megajuli 10. Kwenye jiko la sahani zinafika sufuriani megajuli 7. Kopo la gramu 800 lina megajuli 23. Kwenye jiko la bati zinafika 4.6, na kwenye jiko banifu karibu 7. Mkaa kwenye jiko banifu umelingana na umeme wa sahani, haujaushinda, na hapo sijalileta jiko la presha la umeme, ambalo limefungwa pande zote, hujizima lenyewe joto likitosha, na huivisha maharage ya kaya kwa chini ya uniti moja. Kikwazo cha mwenye Sh1,000 ni bei ya kulinunua jiko hilo siku ya kwanza. Hicho ndicho kiasi ambacho wapinzani wangetakiwa kukileta mezani tangu mwanzo, na katika hoja zote walizotoa sijakisikia kikitajwa.